Vigae vya Mama Selpher

Mutuini, Nairobi
3 Februari 1958

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. U hali gani? Mgongo je, na lile bega? Mimi ni mzima, nakula, nalala, vumbi tu ndilo linatumaliza huku.

Nina habari ya kukufurahisha. Zedekiah wetu ameandika kitabu! Ndiyo, Zedekiah yule yule aliyelala jikoni kwetu tangu mama yake azikwe, aliyekuwa akiiba viazi kwenye jivu na kukuachia maganda. Siku hizi yuko kwenye ofisi moja ya vitabu mjini, anavaa tai, watu wanamwita Bwana. Kitabu ni hadithi ndefu ya watoto, kina picha. Juu hajaweka jina lake, ameandika "Mjomba Zedi", lakini aliniambia mwenyewe kanisani huku meno yote yako nje.

Kinaitwa "Chungu cha Bibi Gota". Bado sijakisoma. Kimeletwa shuleni Ijumaa, na mwalimu mkuu, Bwana Gichuru, amenipa kazi ya kukifundisha darasa la saba. Sitaki wakisome kama kasuku halafu wanijibu maswali ya ubaoni. Nataka wachore ramani ya kijiji, wamwandikie barua mtu wa kitabuni, waigize, wafinyange hata vyungu kwa mikono yao. Itabidi unifundishe upya vile unachanganya udongo, kwa maana siku za kukanda mimi nilikuwa nakutoroka.

Najua utajivuna. Mtoto wa jikoni kwako ameandika habari za vyungu!

Mwanao,
Lornah


Shinyalu, Kakamega
19 Februari 1958

Mwanangu Lornah,

Nimepata salamu. Mwili wangu ni mzima. Ng'ombe amezaa. Shangazi yako Caren ameng'olewa jino na anakusalimu kwa upande mmoja wa mdomo. Basi, salamu zimekwisha.

Hicho kitabu usinitajie kwa furaha. Kilifika hapa kabla ya barua yako, shule za huku zinakisoma. Nilikiazima kwa mtoto wa Caren nikakisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, mpaka mwisho. Bibi Gota ni mimi.

Bega la kushoto limelala, langu. Anaimba puani akifinyanga, ni mimi. Akimaliza chungu anakigonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio. Wewe unajua kwa nini tunagonga. Tunasikiliza ufa, mtu asiuziwe kitu kibovu. Unajua Zedekiah ameandika nini? Ati Bibi Gota anagonga ili asikie kama mtoto aliye ndani amekwisha kufa! Ndani ya chungu, Lornah! Ati ninashika watoto watundu, ninawafinyangia udongo juu yao, ninawachoma. Na mwishoni kijana shujaa anakuja na fimbo, anavunja vyungu vyote, watoto wanatoka, na kijiji kinachoma nyumba ya bibi huku kinashangilia.

Jumanne nilikuwa nimepanga vyungu uani vipoe. Wanafunzi wakapita na fimbo wakitoka shule. Wakavunja vyote. Walikuwa wakiimba, "Bibi Gota, toa watoto!" Mmoja wao nilimzalisha mama yake mimi mwenyewe. Na Jumamosi sokoni akina mama walinipita kama uchafu njiani. Hakuna aliyesema mchawi, wote ni Wakristo wazuri sana, lakini walikwenda kununua sufuria kwa Mhindi.

Mtoto huyo alikuwa akikaa karibu na goti langu nikigonga, ananiuliza, "Mama, kinasema nini?" Nikamwambia. Alijua ukweli, na hiyo ndiyo inaniuma.

Sikuandikii ulie. Wewe ndiwe uko karibu naye. Pole yake sitaki. Nataka aibu impate mbele ya watu wengi, na aseme kwa mdomo wake Bibi Gota ni nani.

Mama yako,
Selpher


Mutuini
8 Machi 1958

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, pamoja na ndama, na Shangazi na nusu ya mdomo wake. Mimi nina afya, ila hasira nimeila hadi naisikia kwenye meno.

Barua yako niliisoma nimesimama, kitabu nikakisoma nimeketi sakafuni. Huyu mtu hana haya! Hata leso yako ya bluu ameitia humo. Hata vile unavyoita kuku. Nilivaa viatu nikaenda hadi kituo cha basi pale Riruta, niende mjini nikamvute tai mbele ya mabwana zake na nimzabe makofi. Basi likachelewa. Nikiwa pale nikafikiri, nikimpiga yeye ndiye atahurumiwa, na mimi nitaitwa binti wa mchawi. Hapana. Huyu nitampika polepole.

Mwezi wa saba tuna siku ya wazazi, kila darasa linaonyesha kazi yake. Nimemwambia Bwana Gichuru kwamba mwandishi wa kitabu chetu ninamfahamu, na itakuwa sifa kwa shule akija kuwa mgeni wa heshima. Mzee wa watu alifurahi karibu anikumbatie. Nikamwandikia Zedekiah barua tamu ya kuvuta nyuki, "ndugu yangu mwandishi" hapa, "ndugu yangu mwandishi" pale. Amejibu kwa taipu. Anakuja!

Shida ni watoto. Wanakipenda kitabu. Mbwa huyu ana ufundi wa kusimulia, hilo siwezi kumnyima. Kuna kijana mmoja mrefu, Kiragu, mdomo mwingi, aliigiza mwendo wa Bibi Gota na bega limelala hadi darasa likaangua kicheko. Nilikuwa ubaoni. Chaki ilinivunjikia mkononi.

Nikawapa kazi, kila mmoja amwandikie barua mtu yeyote wa kitabuni. Karibu wote walimwandikia shujaa kumpa hongera ya fimbo yake. Lakini msichana mmoja, Wangeci, mtulivu hata unasahau kama yuko, alimwandikia Bibi Gota. Ameandika hivi: "Bibi, nimetafuta kitabu kizima mahali unaposema neno lako, sijapaona. Kila mtu anakusema wewe. Kama ungeulizwa ungejibu nini?"

Nilisoma barua hiyo kwa sauti, na kicheko chao kikakoma. Nikawaambia, haya, tutafanya kesi. Darasa litakuwa korti, Bibi Gota ashtakiwe naye ajibu. Nisichowaambia bado ni kwamba siku ya wazazi, mwandishi akiwa ameketi mbele na ua kwenye koti, nitataka kesi hiyo wamgeuzie yeye. Wala hawajui Bibi Gota ni mama yangu.

Nifundishe udongo. Nataka vyungu vya kweli mezani siku hiyo.

Mwanao mwenye hasira,
Lornah


Shinyalu
27 Machi 1958

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mvua imeanza, mahindi yamechipuka. Huyo Wangeci msalimie sana. Mwambie Bibi angejibu mengi, na si yote ya kusemwa kanisani.

Huko kupika polepole nimekupenda. Ulikuwa mtoto wa kurusha mawe, sasa umekuwa mtu.

Udongo wa juu msiuguse. Chimbeni mpaka mfikie ule unaong'ang'ania kucha, mtoe mizizi na vijiwe. Halafu vigae. Chungu kilichovunjika husagwa kikachanganywa na udongo mbichi, ndipo kipya kivumilie moto. Bila vigae kitapasuka mbele ya huyo mgeni wenu na atacheka yeye. Mimi sasa nina vigae vya kutosha nchi nzima, Zedekiah amenisaidia. Nimejaza kikapu. Sifuna, yule fundi wa mawe anayemjengea Mhindi aitwaye Kamlesh huko Westlands, anarudi Jumatatu na atakuletea. Watoto wasage hivyo hivyo.

Na kama mji haujakusahaulisha, unajua desturi ya hapa. Anayevunja chungu cha mfinyanzi hatoi mfuko wa pesa. Anakuja uani, anasaga vigae vyenyewe, anakanda, anafinyanga, mpaka chungu chake kikigongwa kilie vizuri kwenye sikio la mwenyewe. Kabla ya hapo haachiliwi. Wale watoto wazazi wao hawajawaleta, wanaogopa ati nitawatia chunguni. Basi nimewaacha. Fimbo walipewa na mtu mzima, na mimi ninamdai mtu mzima.

Mama yako,
Selpher


Mutuini
18 Mei 1958

Mama mpenzi,

Salamu, na samahani kwa kukaa kimya. Sikuugua. Nilikuwa sijui niandike nini. Habari za mvua huko? Huku matope yametufika magotini.

Kikapu kilifika, Sifuna alikileta kwa baiskeli. Watoto wakauliza vigae vimetoka wapi, nikaona wakati umefika. Nikawaambia ni vya Bibi Gota. Yuko hai, anaishi Kakamega, anaitwa Selpher, na mimi ni mtoto wake, na sikuwahi kutiwa chunguni ingawa kuna siku nilistahili. Hakuna aliyecheka. Kiragu alitazama miguu yake, kisha akachukua jiwe akaanza kusaga. Lile bega hajaliigiza tena.

Halafu ile kesi. Niliwaacha waipange wenyewe. Mimi natoka Kakamega, Mama, kwangu korti ni mzee, meza, na watu wanaobishana. Hawa ni watoto wa Mutuini. Niliporudi darasani nilimkuta Kiragu amevaa gunia kichwani, limetobolewa mahali pa macho. Wenzake wamechutama kwa mstari. Anapita mbele yao, hasemi neno, anamtazama huyu, anamtazama yule. Akitikisa kichwa, huyo anaburutwa nje. Ndiyo korti wanayoijua. Mwaka wa hamsini na nne, Wazungu wakiwasaka Mau Mau, walikuwa wadogo, wakawaona baba zao wamechutama uwanjani namna hiyo na mtu wa gunia akipita. Hakuna aliyejua nani yumo ndani. Aliyetikisiwa kichwa alipelekwa kufungwa kambini. Baba yake Wangeci hajarudi mpaka leo.

Nikapiga kelele, "Vua hiyo kitu!" Wangeci akasema kwa sauti yake ndogo, "Mwalimu, si ndivyo Mjomba Zedi alivyofanya? Alijificha, akamtikisia bibi kichwa."

Bwana Gichuru alisikia habari akapiga marufuku kesi yote. "Nyimbo, michoro na vyungu," alisema, "na nisisikie kingine." Simlaumu. Mimi askari wakisikia natoka Kakamega wananipitisha, yeye Mkikuyu, mwalimu mkuu mzima, hafiki mjini bila cheti cha kupita, na ndugu yake naye alitikisiwa kichwa.

Nikaona labda nimpe Zedekiah nafasi yamalizike kimya. Tulikutana kwenye hoteli ya Shantilal, River Road. Nikamweleza yote, vyungu, soko, sufuria, zile nyimbo. Alikuwa anakula sambusa. Akajifuta vidole kimoja kimoja na kitambaa, akaniambia, "Lornah, ile ni hadithi tu. Mama angepaswa kujivuna, nimemfanya maarufu." Halafu akaniuliza mgeni wa heshima huwa anaketi upande gani.

Nikatabasamu. Nikamwambia, "Katikati, Zedekiah. Kila mtu akuone."

Nafasi yake ameimaliza. Lakini hawa watoto, Mama, sijui niwafanyie nini. Niambie.

Mwanao,
Lornah


Shinyalu
6 Juni 1958

Lornah,

Salamu. Ati maarufu! Mwambie asikie umaarufu wangu.

Juzi mtoto wa jirani alipotea. Alikuwa amelala kwenye mahindi, mchana mmoja tu, lakini kabla hajaonekana wanaume walikuja uani kwangu. Walifungua vyungu vyangu kimoja baada ya kingine wakichungulia ndani. Mimi nimesimama mlangoni, ninawatazama. Wengine ni wazee wa kanisa. Mmoja alikuwa ameshika kiberiti, na hakuwa na sigara. Mtoto akaletwa anapiga miayo, wakaenda zao. Hakuna aliyeniaga. Siku hizi Caren analala kwangu na panga liko chini ya kitanda.

Kwa hiyo usiniimbie habari za nyimbo na michoro. Hicho kitabu kimebakiza ukurasa mmoja tu kwangu, ule wa moto.

Lakini gunia si langu, wala si lako. Ni la hao watoto. Waulize wao. Wakikataa, imbeni nyimbo zenu, na mimi nitatafuta njia nyingine ya kumla huyo. Wakikubali, usijifanye unawakinga. Nao kuna mtu wanamdai.

Mama yako,
Selpher


Mutuini
20 Julai 1958

Mama yangu,

Pokea salamu zangu, na uketi kwanza. Caren naye aketi. Tumemaliza kazi.

Niliwauliza, kama ulivyosema. Kiragu ndiye aliyejibu, "Mwalimu, sisi tulishaamua, tulikuwa tunangoja wewe." Wakaficha gunia ndani ya kikapu chako. Bwana Gichuru sikumwambia, ili ikiharibika asilaumiwe.

Juzi wazazi walijaa uwanjani, mabenchi hayakutosha. Zedekiah alikuja kwa motokaa ya ofisi, koti jeusi, ua kifuani, kofia mkononi. Bwana Gichuru akamkaribisha kwa maneno mazito. Tukamketisha katikati, kulia mwalimu mkuu, kushoto mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mnene ambaye wakati wa yale magunia hakuguswa hata unywele. Nyimbo zikaimbwa, michoro ikaonyeshwa. Zedekiah alikuwa anapiga makofi kwa ncha za vidole.

Kisha darasa la saba wakaja na vyungu vyao, wakasimama kwa mstari mbele ya wageni, kila mtoto na chungu chake kifuani. Vizuri, Mama! Vingine vimepinda, lakini vyote vililia nilipovigonga. Wangeci akatangaza, "Hii ni kazi yetu juu ya kitabu." Wote wakachutama.

Na Kiragu akatoka nyuma ya jengo na gunia kichwani.

Kuna mama alishika mdomo wake. Kiragu akapita polepole mbele ya mstari, anasimama, anatazama, anapita. Akatikisa kichwa. Kijana mwenye fimbo akavunja chungu cha huyo mtoto, paa! Akapita tena, akatikisa, paa! Bwana Gichuru alikuwa ameinuka nusu, mkono hewani, na hakuendelea kuinuka wala hakuketi. Akina mama wakaanza kulia, si kwa kelele. Vyungu vikavunjwa hadi cha mwisho, watoto waliovishika wamechutama tu, vigae kati ya miguu.

Hapo Wangeci akaenda akamvua Kiragu gunia. Kiragu akawageukia watu, akasema kwa nguvu, "Mimi naitwa Mjomba Zedi."

Zedekiah alicheka. Kweli alicheka, halafu akaona yuko peke yake. Wangeci akamsogelea mpaka karibu na viatu vyake. "Bwana, Bibi Gota yuko?"

"Mtoto mzuri, hiyo ni hadithi..."

"Anaitwa nani nyumbani?"

Nikainuka kutoka benchi la walimu, nikasimama mahali atakaponiona. Nikamkazia macho. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola.

"Selpher," akasema.

"Hatusikii," wakasema watoto wote.

"Selpher! Anaitwa Mama Selpher, wa Shinyalu!"

"Ulimwona akimchoma mtoto?"

"Hapana."

"Akigonga chungu anasikiliza nini?"

Akajibu akitazama chini. "Ufa. Anasikiliza ufa."

"Wewe alikufanyia nini?"

Akaichezea kofia yake mikononi. Akasema, "Alinilisha." Mama, nilitamani ungekuwepo! Nimengoja neno hilo tangu Februari na nilipolisikia lilikuwa tamu, sitasema uongo, tamu kabisa. Wangeci akazoa vigae akavitia ndani ya kikapu, akakiweka mapajani mwa Zedekiah, juu ya koti jeusi. "Bibi anataka uvilete mwenyewe."

Sasa la pili, ambalo sikulipanga. Wakati Wangeci anazoa vigae, mwenyekiti wa kamati aliinuka akaondoka. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu, na watu wakamfungulia njia, wakamtazama mpaka akapotea nyuma ya miti. Hakuna aliyeuliza anakwenda wapi. Mke wake alibaki ameketi, anatazama lile gunia chini.

Leo Bwana Gichuru ameniita ofisini. Kamati imeomba nisirudi muhula wa tatu. Alinisomea maneno hayo kwa sauti ya kazi. Kisha akaondoka kwenye meza, akafunga mlango, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sijuti. Naumia kuwaacha watoto, hilo naumia. Zedekiah naye, watu wa kwetu walioko Nairobi wamemwambia asionekane kwenye mikutano yao mpaka aonekane uani kwako. Mgoje.

Mwanao,
Lornah


Shinyalu, Kakamega
31 Agosti 1958

Mwanangu Lornah,

Salamu nyingi, na safari hii ni za kweli. Mimi ni mzima. Ng'ombe anatoa maziwa. Caren amerudi kwake na panga lake. Njoo nyumbani, mama, usikae huko ukihesabu mbao za dari. Shule ya misheni hapa haina mwalimu wa darasa la saba, na mwalimu wao mkuu alikuja mwenyewe kuniuliza habari zako. Alikuja na kofia mkononi. Na Wangeci ameniandikia, akiniuliza tena ningejibu nini. Nimemjibu kurasa nne.

Zedekiah amekuja.

Alishuka kwenye basi Jumatatu ya pili ya mwezi na kikapu kichwani, suti na kikapu. Watoto walimfuata kutoka barabarani. Akapiga magoti hapo uani, akaanza pole, Mama, pole, Mama. Nikamwambia pole aiweke, nikampa jiwe. Akasaga vigae vya watoto wenu, akasaga na vile vyangu vilivyobaki, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikamwambia akande. Akauliza, "Na koti?" Nikamwambia sisi huku hatuna pa kutundika makoti.

Ameomba ruhusa ofisini kwake. Analala jikoni, palepale. Jumamosi ninampeleka sokoni na vyungu vyangu kichwani, na kabla sijauza anasimama juu ya jiwe, anasema, "Mimi ndiye Mjomba Zedi. Bibi Gota nilimbuni. Huyu ni Mama Selpher, aliyenilisha." Mara ya kwanza alisema chini chini. Nikamwambia watu wa nyuma hawajasikia. Siku hizi anapaza sauti vizuri, na watu wanatoka hata Kakamega mjini kuja kumwona. Wakishamwona wananunua. Yule mwenye kiberiti amenunua viwili, na hakunitazama machoni.

Nilimuuliza kama anaweza kukirudisha kile kitabu. Alisema hapana, kimeshasambaa, kiko Nyanza, kiko pwani, hawezi kukikusanya. Nikamwambia basi, na wewe hutakusanywa haraka.

Sasa nikwambie jambo, na likae kati yetu wawili. Wiki iliyopita alimaliza chungu chake cha kwanza. Alikichoma usiku kucha, akaniletea kwa mikono miwili, macho mekundu kwa moshi. Akaketi karibu na goti langu kama zamani. Nikagonga, nikaweka sikio.

"Mama," akasema, "kinasema nini?"

Nikamwambia, "Kimepasuka. Anza tena."

"Lakini mimi sioni ufa. Kimelia, nimesikia!"

"Mwenye sikio hapa ni mimi. Nimesema ni kibovu, basi ni kibovu, na watu wote watasikia kwangu kwamba ni kibovu. Utamwambia nani?"

Akanitazama, Lornah. Alinitazama muda, na nikaona imemwingia mpaka ndani. Hakubisha. Akaondoka, akachukua jiwe.

Amefinyanga vingine tangu siku hiyo. Vyote nimevikataa. Na leo asubuhi, akiwa amekwenda kuchimba udongo, nilikichukua kile cha kwanza nikakigonga tena mwenyewe. Kinalia kama kengele ya kanisa. Hakina ufa hata wa unywele.

Uje ukioshe ukitumie kwa maji. Yeye usimwambie.

Mama yako,
Selpher